Mgeni Siku ya Tatu Mpe Jembe

Katika toleo hili tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo tunaulizwa karibu kila tunapotembelea vikundi vyenu: kwa nini watu wanajiunga, wanahudhuria mara mbili tatu, halafu wanapotea? Na kuna jambo la pili linaloshikana na hilo: kikundi kikialikwa kwenye mkutano mkubwa, nani atumwe, na akifika huko aseme nini?

Tutajibu kwa mfano ambao huenda ukawashangaza wengine. Tutajifunza kutoka kwa watu wanaotengeneza programu za kompyuta kwa kujitolea. Usifunge gazeti ukisema hayo ni mambo ya Nairobi na Ulaya. Soma kwanza, utaona shida zao ni zile zile zetu.

TULIYOYAONA WENYEWE

Siku moja tulitembelea kikundi cha kufuga kuku upande wa Lanet. Jina lake tunalihifadhi. Kilianza na watu 24, lakini siku hiyo tuliwakuta 9. Mkutano ukiendelea tuliona mama mmoja kijana ameketi kwenye benchi ya nyuma karibu na mlango, amempakata mtoto. Wanachama wa zamani walizungumza juu ya "ile hesabu ya mwezi wa nane" na "mambo ya yule jamaa", wakacheka wao kwa wao. Yeye hakucheka, maana hakujua wanasema nini.

Kikao kilipoisha tulimfuata, tukamsalimu na kumwuliza jina. Akatuambia, "Hii ni mara yangu ya tatu kuja hapa, na nyinyi ndio wa kwanza kuniuliza jina."

Hakurudi tena. Baadaye tulisikia amejiunga na kikundi kingine, na kwamba huko ndiye aliyewafundisha wenzake kuchanja kuku dhidi ya ugonjwa wa kideri, ile chanjo ya tone moja kwenye jicho la kuku. Kile kikundi cha kwanza, msimu uliofuata, kilipoteza kuku karibu wote kwa kideri hicho hicho. Mtu aliyejua dawa alikuwa ameketi kwenye benchi yao mara tatu, na hakuna aliyemwuliza lolote.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi tunaisikia methali hii kama onyo kwa mgeni mvivu. Hebu tuigeuze kidogo. Ni agizo kwa mwenyeji pia. Siku ya tatu ikifika na hujampa mgeni jembe, kosa si lake, ni lako.

LANET UMOJA MWAKA 2012

Kabla hatujaenda mbali, tukumbuke jambo lililotokea hapa hapa kwetu. Mapema mwaka 2012 magazeti ya nchi nyingi yaliandika habari za lokesheni ya Lanet Umoja, kwa sababu chifu wake, Francis Kariuki, alikuwa akitumia mtandao wa Twitter (ambao tangu 2023 unaitwa X) kuwapasha watu habari. Alfajiri moja, kama saa kumi, chifu alipigiwa simu kwamba wezi wamevamia nyumba ya mwalimu. Akaandika ujumbe mfupi. Ndani ya dakika chache majirani walikuwa wamekusanyika nje ya nyumba ile, na wezi wakatoroka. Mara nyingine alitangaza kondoo aliyepotea, na kondoo akapatikana.

Kuna mambo mawili ya kujifunza hapo. La kwanza, mtandao haukutoka kitandani saa kumi ya usiku. Waliotoka ni majirani, na walitoka kwa sababu walijiona ni watu wamoja. La pili, mlango haukufungiwa wanyonge. Hata mwenye simu ya mulika mwizi, isiyo na intaneti, aliweza kupokea ujumbe ule kwa SMS. Chombo kilikuwa kipya, lakini kilichofanya kazi ni ujirani uliokuwa wazi kwa wote.

PROGRAMU HURIA NI NINI?

Programu ni maagizo yanayoiambia kompyuta au simu ifanye nini. Programu nyingi huuzwa zikiwa zimefungwa, kama keki ya dukani: unaila, lakini hujui imetiwa nini. Programu huria ni tofauti. Ni kama mama jirani anayekupa mandazi pamoja na vipimo vya unga, sukari na hamira. Unaweza kupika mwenyewe, ukaongeza iliki, na ukamfundisha mwingine, bila kwenda kumwomba ruhusa kila mara.

Mwaka 1991 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu huko Helsinki, nchini Ufini, jina lake Linus Torvalds, alitoa programu aliyoianza mwenyewe akawaalika watu waitumie na kuitengeneza zaidi. Ikaitwa Linux. Leo wengi wa wanaoiandika wanalipwa na makampuni, lakini mlango wa kujitolea bado uko wazi. Kama simu yako ni ya Android, basi ndani yake kuna Linux. Kumbe kazi ya ushirika iko mfukoni mwako kila siku na hukujua.

Hapa Kenya nako tuna mfano wetu. Januari 2008, baada ya uchaguzi, sisi wa Nakuru hatuhitaji kukumbushwa yaliyotokea. Uwanja wa maonyesho ya kilimo ulijaa ndugu zetu waliofukuzwa makwao. Siku zile mwanasheria Ory Okolloh aliomba watu wenye ujuzi wa kompyuta wamsaidie kutengeneza ramani ambapo mwananchi angeweza kuripoti vurugu alizoziona, kwa SMS au kwa intaneti. Waliojitokeza, wakiwemo David Kobia, Erik Hersman na Juliana Rotich, waliitengeneza kwa siku chache tu. Waliiita Ushahidi. Kwa kuwa waliifanya huria, tetemeko la ardhi lilipoipiga Haiti Januari 2010, watu wengine waliichukua na kuitumia huko. Watu wa kujitolea waliojua lugha ya Wahaiti, wakiwa katika nchi mbalimbali, walitafsiri ujumbe wa waliokuwa wakiomba msaada. Chombo kilichozaliwa katika machozi yetu kilienda kuwasaidia wengine katika machozi yao.

Je, hii si ngwatio, ile kazi ya kusaidiana shambani kwa zamu ambayo wazee wetu waliijua? Tofauti ni kwamba shamba lao ni kompyuta, na jirani anaweza kuwa ng'ambo ya bahari.

NAO WANA SHIDA KAMA ZETU

Msidhani watu hawa ni malaika. Kwa miaka mingi baadhi ya miradi yao ilijulikana kwa maneno makali. Mgeni akileta kazi yenye kosa alitukanwa mbele ya wote. Wengine waliona kwamba hiyo ndiyo njia ya kupata kazi safi. Lakini wengi waliotukanwa walinyamaza, wakaondoka, na ujuzi wao wakaondoka nao.

Tarehe 16 Septemba 2018, Linus Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wa Linux, aliwaandikia wenzake waziwazi. Alikiri kwamba barua zake za ukali hazikuwa sawa, akaomba msamaha, na akasema atakaa kando kwa muda atafute msaada wa kujifunza kuelewa hisia za watu. Wakati huo mwenzake alishika usukani. Siku hizo hizo mradi wa Linux ulikubali kanuni mpya za mwenendo zinazokataza matusi na dharau. Mwezi uliofuata Torvalds akarudi kazini, na kazi ikaendelea.

Tuseme ukweli, wenyekiti wangapi miongoni mwetu wangeweza kusimama mbele ya kikundi na kusema, "Nimewakosea kwa ulimi wangu"? Yeye alikuwa mwanzilishi, mtu wa miaka 27 kazini, na hakupungukiwa na kitu kwa kusema hivyo.

MAMBO MATANO YA KUFANYA NYUMBANI

1. Acheni nafasi kwenye duara. Eric Holscher, mmoja wa waanzilishi wa mikutano ya Write the Docs, alitunga kanuni rahisi. Watu wakisimama kuzungumza, wasifunge duara kabisa. Waache pengo la mtu mmoja, ili anayepita aone kwamba anaweza kuingia. Akiingia, wasogee tena waache pengo lingine. Aliipa jina la Pac-Man, mchezo wa kompyuta wenye kiumbe cha duara aliyefungua mdomo. Nasi tufanye hivyo kwa viti. Mkiketi kwa duara, kiti kimoja kibaki wazi mbele, si benchi ya nyuma mlangoni. Na mkitaja "ile hesabu ya mwezi wa nane", mmoja amwelezee mgeni ni hesabu gani.

2. Mpeni jembe jepesi kwanza. Katika miradi ya programu huria, wenyeji hutenga kazi ndogo ndogo na kuziwekea alama kwamba hizi ni za anayeanza. Mwenyeji mzoefu angeweza kuzimaliza kwa nusu saa, lakini haziguzi kwa makusudi. Sisi nasi tutenge. Mgeni aandike mahudhurio, ahesabu mayai, asome kumbukumbu za mkutano uliopita, ashike kamba ya kupimia. Na msisahau kumwuliza, "Wewe unajua nini ambacho sisi hatujui?" Swali hilo moja lingeokoa kuku wa watu wale.

3. Andikeni. Watu wa programu huria wana swali la mzaha lenye ukweli mchungu: ni watu wangapi wakigongwa na basi kazi yetu itasimama? Kama jibu ni mtu mmoja, mradi uko hatarini. Sisi tunaoishi kando ya barabara kuu ya Nairobi hatupendi mzaha wa mabasi, kwa hiyo tuulize kwa upole: ni nani akihamia mjini kesho kikundi chetu kitakwama? Tumeona kikundi ambacho katibu alihama na daftari, na ikawa hakuna anayejua nani ametoa na nani hajatoa. Hatusemi mtangaze namba ya siri ya simu ya kikundi, hapana. Tunasema hesabu ziandikwe katika madaftari mawili yanayokaa nyumba mbili, na kila kazi iwe na mtu wa pili anayeijua.

4. Kosoeni kazi, msimkosoe mtu. Useme, "Hesabu hii haijalingana, tuiangalie pamoja," usiseme, "Wewe kwani ulisoma wapi?" Na kosa la kwanza lisemwe faraghani. Vikundi vilivyosajiliwa vina katiba, na Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022 inataka hivyo. Lakini katiba nyingi tulizoziona zinataja faini ya kuchelewa na hazisemi neno juu ya matusi, au juu ya mwanamume anayemsumbua mwanachama wa kike. Ongezeni kanuni fupi: yasiyokubalika hapa ni haya, na aliyekosewa amwendee fulani au fulani. Wawe wawili, mke na mume, na mwenyekiti asiwe mmoja wao, maana huenda ndiye anayeshtakiwa.

5. Shukuruni kwa jina. Mtu wa kujitolea halipwi mshahara. Malipo yake ni kujua kwamba wenzake wameona. Mwisho wa mkutano tajeni majina matatu na kazi waliyofanya. Msiwataje viongozi peke yao. Aliyechemsha chai naye atajwe.

KUMTUMA MSEMAJI

Watu wa programu huria hukutana ana kwa ana pia, na mikutano hiyo sasa imefika kwetu. Novemba 2023 Zanzibar ilipokea mkutano wa kwanza wa Afrika wa wanaotumia Django, programu huria ya kujengea tovuti. Agosti 2025 Nairobi ilipokea Wikimania, mkutano wa kila mwaka wa watu wanaojitolea kuandika Wikipedia, ile ensaiklopidia ya bure ambayo ina tawi la Kiswahili tangu mwaka 2003.

Utaratibu wao una mafunzo kwetu. Anayetaka kusema hatumwi kwa sababu ya cheo. Huandika ombi fupi, aya moja au mbili: nitazungumzia nini, na msikilizaji ataondoka na nini. Kamati husoma na kuchagua. Mikutano mingi pia huweka kipindi cha hotuba fupi za dakika 5, ambapo hata mgeni kabisa anaweza kusimama. Na baadhi husaidia nauli, ili asibaki nyumbani mwenye jambo la maana kwa kukosa pesa.

Kwetu mambo huwa vingine. Barua ya mwaliko ikija kutoka parokiani, kwa afisa wa kilimo au kwenye maonyesho ya Nakuru, mwenyekiti ameshachukua mkoba. Kila mwaka ni yeye. Si ati ni mtu mbaya, ni mazoea. Lakini kikundi chenye mdomo mmoja siku mdomo ule ukiugua kinakuwa bubu. Jaribuni hivi: aende aliyefanya kazi yenyewe. Kama mkutano ni wa kuku, aende anayeamka kuwalisha. Ikiwezekana waende wawili, mzoefu na mpya, na yule mpya ndiye aseme.

Kama hajawahi kusimama mbele ya watu, mfundisheni dakika tano hizi:

Dakika ya kwanza: sisi ni nani, tunatoka wapi, na shida yetu ilikuwa gani. Aanze na tukio moja, asianze na historia tangu kikundi kuzaliwa.

Dakika ya pili na ya tatu: tulifanya nini, hatua kwa hatua, na hesabu za kweli. Mayai mangapi, shilingi ngapi.

Dakika ya nne: tulikosea wapi. Msiogope hapa. Msikilizaji humwamini anayekiri kosa, na kosa lako laweza kumwokoa yeye.

Dakika ya tano: tunaomba nini, au tunatoa nini. Halafu ashukuru na kuketi.

Afanye mazoezi mbele ya kikundi siku mbili tatu kabla, mtu ameshika saa. Wenzake wamwulize maswali magumu, ili yale ya ugenini yasimtishe. Akiulizwa asilolijua, aseme tu, "Hilo sijui, nitawauliza wenzangu." Hiyo si aibu. Na aseme kwa lugha anayoimudu. Kiswahili kizuri kinashinda Kiingereza cha kutetemeka.

ALIYETUMWA AKIRUDI

Hapa ndipo vikundi vingi huumia. Mtu anarudi na kalamu, fulana na bahasha, na kikundi hakisikii lolote. Tukubaliane mapema kabla hajapanda matatu. Nauli ni kiasi gani, na posho ikitolewa huko ni ya nani? Wengine huamua yote iwe yake, kwa kuwa ameacha shamba lake. Wengine hugawa nusu kwa kikundi. Uamuzi wowote ni sawa kama umeandikwa kabla. Ubaya ni bahasha ya siri. Tumeona kikundi kikivunjika kwa sababu ya bahasha ndogo kabisa.

Pili, mkutano unaofuata aliyetumwa apewe nafasi ya kwanza, si ile ya "mengineyo" wakati watu wameshavaa makoti. Aeleze mambo matatu: nimejifunza nini, nimekutana na nani, na sisi tujaribu nini kabla ya mwezi kuisha.

NENO LA MWISHO

Katika kitabu cha Matendo ya Mitume tunasoma kwamba Saulo alipofika Yerusalemu na kutaka kujiunga na wanafunzi, wote walimwogopa. Walikuwa na sababu, kwa maana walimjua alivyowatesa. Barnaba ndiye aliyemchukua, akampeleka kwa mitume na kuwaeleza habari zake. Fikirini Kanisa lingekosa nini kama Barnaba angebaki ameketi akizungumza na marafiki zake. Kila kikundi kinahitaji Barnaba wake, mtu ambaye kazi yake ni kumtafuta aliye karibu na mlango.

Kile kikundi cha kuku hakijafa. Tuliwasimulia habari za yule mama, nao wakanyamaza kwa muda mrefu. Kisha mmoja wao akasema, "Basi kazi hiyo nipeni mimi." Sasa yeye ndiye huwapokea wageni na kuwakalisha mbele. Hatutawadanganya kwamba wamefika 24 tena. Waliokuja tangu hapo ni watano. Wawili waliondoka, watatu wamebaki. Mmoja wa hao watatu anashika daftari la pili la hesabu. Ni mwanzo.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Katika mwaka uliopita ni nani aliyekuja kwetu akaondoka? Kuna aliyekwenda kumwuliza kwa nini?

2. Ni kazi gani tatu ndogo tunazoweza kumtengea mgeni wa siku ya tatu?

3. Ni nani kati yetu akihama kesho tutakwama? Nani atajifunza kazi yake, na kuanzia lini?

4. Mara tatu za mwisho tulipoalikwa mahali, nani alikwenda? Zamu ijayo ni ya nani?

Jadilianeni haya mkiwa mmeketi kwa duara, na kiti kimoja kikiwa wazi. Mungu awabariki nyote katika kazi zenu.